HIVI WAZAZI, NI LAZIMA MTOTO AINGIE NA VIATU VYA MATAIRI MPAKA KWENYE FOLENI YA SUPAMAKETI?

Leo sina ubuyu. Najua wengi mnaingia hapa kuangalia nani kaachana na nani, na nani kanunua gari la mkopo akatuambia la keshi. Leo naomba mnivumilie kidogo, kuna kitu kimenikaa kooni tangu Desemba na nisipokitoa hapa sijui nikakitolee wapi.

Nazungumzia vile viatu vya watoto vyenye matairi kwenye kisigino. Wale wa mikoani msije mkadhani nasema makatambuga, yale yanayochongwa kwenye tairi la lori. Makatambuga ni viatu vya heshima, havijawahi kumgonga mtu. Nasema hizi raba za kisasa, nyingine zinawaka taa, nyingine ukibonyeza kitufe kwa nyuma tairi linachomoka. Dogo anakimbia hatua mbili tatu, anainua vidole, anaegemea kisigino, anaserereka kama yuko kwenye barafu. Ukienda mall yoyote hapa Dar siku ya Jumamosi jioni utawakuta, na sikukuu ndio usiseme.

Sasa nikupe kisa, halafu tuongee.

Jumamosi moja kabla ya Krismasi nilimsindikiza mama mkubwa kwenye mall moja hapa mjini, jina nalihifadhi. Mama mkubwa ana miaka 63, ni fundi cherehani, ndiye aliyenilea mimi na dada yangu. Alitaka kununua zipu na vifungo kwenye duka la vitambaa, halafu tukapita supamaketi kuchukua mchele na mafuta ya kula. Watu walikuwa wamejaa, yaani toroli kwa toroli. Mimi nikaenda kupanga foleni, yeye akabaki nyuma anaangalia bei ya sukari.

Nikasikia kishindo, na vitu vikianguka kwenye rafu. Kugeuka, mama mkubwa yuko chini.

Dogo wa miaka kama minane hivi alitokea kwenye kona ya rafu akiwa ameachia mwendo, kakutana na mtu hana pa kukwepa. Alimpiga ubavuni. Mama mkubwa akaanguka, akajizuia kwa mkono wa kulia kama mtu yeyote anavyofanya akianguka. Pale pale kifundo cha mkono kikakaa vibaya. Hata mimi ambaye sijasoma mambo ya afya nilijua mfupa umeenda.

Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama anatetemeka. Kitu cha kwanza alichosema, machozi yanamtoka, "Shikamoo bibi. Sikukuona." Na mama mkubwa, yuko chini mkono umepinda, akamwambia, "Marahaba mwanangu. Wewe umeumia?"

Halafu mama wa mtoto akafika. Jamani, ni mtu ambaye kama una simu na bando unamjua. Simtaji. Akasema, "Pole mama, ni mtoto tu, si unajua watoto." Akatoa noti kwenye pochi, elfu hamsini, akanipa mimi. Sio mama mkubwa, mimi. Akamshika mtoto mkono wakaondoka. Na dogo akaondoka VILE VILE, anaserereka, kashikwa mkono na mama yake kama kitoroli.

Tulikwenda hospitali. Picha ya eksirei, dawa, POP, ile wengine mnaita hogo. Elfu hamsini iliishia njiani kabla hata hatujafika dirisha la dawa. Mama mkubwa hana bima. Lakini hela ya matibabu haikuwa tatizo kubwa, tulichangishana wenyewe. Tatizo kubwa lilikuwa Januari.

Kama umekulia na fundi cherehani unajua Desemba na Januari ni miezi gani. Shule zinafunguliwa, kila mzazi anataka sare. Hapo ndipo mama mkubwa anapata hela ya kula mpaka Pasaka. Alikuwa na sare 22 alizopokea, nyingine hata hajakata. Daktari kasema wiki 6 na hogo, baada ya hapo mazoezi. Nilizunguka mimi mwenyewe nyumba kwa nyumba kurudisha vitambaa na advansi za watu. Kuna mama mmoja aliniambia, "Nilimsubiri yeye kwa sababu yeye hakati kanzu ya darasa la kwanza ikabana." Sikuwa na jibu.

Sasa sehemu ambayo inaniuma zaidi, na ndio sababu naandika. Usiku ule mama mkubwa kalala kitandani, mkono juu ya mto, akaniuliza, "Baba, yule mtoto si ndiye yule uliyenionyesha kwenye simu?"

Ni yeye. Wiki mbili kabla, mama yake aliposti klipu dogo akiserereka kwenye korido ya mall, watu wanaruka pembeni kumpisha. Na mimi, mwandishi wenu, nikaichukua nikaiweka hapa hapa. Nikaandika "Dogo noma sana" na vicheko vitatu. Mkacheka, mkalaiki, mkasambaza. Nilimwonyesha mpaka mama mkubwa, naye akacheka. Kwa hiyo msinielewe vibaya, siandiki kama malaika. Mimi nilikuwa mpiga makofi.

TUANZE NA VIATU VYENYEWE

Baada ya kile kisa nilikaa nikasoma. Hivi viatu vilianzia Marekani. Kuna jamaa anaitwa Roger Adams, familia yao ilikuwa na ukumbi wa watu kuteleza kwa viatu vya magurudumu huko Tacoma, kwa hiyo kakulia kwenye matairi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akachukua raba, akakata kisigino, akapachika gurudumu la skateboard. Ndio ikazaliwa Heelys, ikaingia sokoni mwaka 2000. Mpaka 2006 kampuni imeshaingia soko la hisa, kila mtoto Marekani na Uingereza anazitaka.

Lakini hapo hapo ndipo kelele zilipoanza. Mall nyingi na shule nyingi za huko zikaweka marufuku, ukifika mlangoni unatoa tairi au unageuka. Huko Ireland, madaktari wa hospitali ya watoto ya Temple Street jijini Dublin walihesabu watoto waliowapokea kipindi cha kiangazi 2006 wameumia kwa viatu vya aina hii. Wiki 10 tu, watoto 67. Wengi ni mikono, kifundo na kiwiko. Hao ni watoto wenyewe waliovaa, sijaweka akina mama mkubwa.

Kwa nini mikono? Angalia dogo anavyokaa akiserereka. Uzito wote uko kwenye visigino, vidole viko juu. Akipoteza balansi anakwenda kinyumenyume, na mtu akienda kinyumenyume anatanguliza mkono. Halafu cha pili, hakuna breki. Baiskeli ina breki. Hivi viatu, breki ni dogo mwenyewe kukumbuka kushusha kisigino akikwaruze chini, au kurudisha vidole aanze kukimbia. Mtu mzima aliyezoea atafanya. Mtoto wa miaka minane aliyeona bibi ghafla mita moja mbele yake, hafanyi kitu. Anafumba macho.

Na uzito usiuchukulie poa. Mtoto wa miaka minane au tisa ana kama kilo 25 mpaka 30. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Kwa hiyo chukua nusu mfuko wa saruji, uupe mwendo wa mtu anayekimbia, uusukume kwenye ubavu wa bibi yako. Halafu mwambie pole mama, ni saruji tu.

"WAACHE WATOTO WACHEZE"

Najua nitakayoambiwa. Nilishayasikia kwenye familia yenyewe, mjomba wangu kasema "mnakuza mambo, sisi hatukucheza?"

Tulicheza, tena michezo ya hatari. Mimi nimecheza kombolela usiku kwenye mitaro ya Tabata, nimesukuma ringi za baiskeli, nimepanda mwembe wa watu nikashuka na kovu ambalo ninalo mpaka leo. Sitaki mtoto akae ndani anaangalia katuni kutwa. Tena kama kuna mtoto wa Dar anapata nafasi ya kutoa jasho namuunga mkono kabisa.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Wazazi wengi mnaishi na hii methali, aumie ajifunze. Sawa. Lakini methali inafanya kazi kwa sababu wembe unamkata yule aliyeulilia. Mimi nilivyoanguka mwembeni nilivunjika mimi, nikajifunza mimi. Hapa dogo kalilia wembe, kapewa, aliyekatwa ni fundi cherehani aliyekuwa anaangalia bei ya sukari. Dogo kajifunza nini? Kajifunza kwamba ukimwangusha mtu, mama anatoa noti mnaondoka. Hilo ndilo somo alilopata siku ile, na sio kosa lake.

Kuna hoja nyingine ambayo hii nitaipa heshima yake. Dada yangu aliniambia, "Sasa wakaserereke wapi? Kitaa chetu ni mchanga na mashimo, barabarani kuna bodaboda." Kweli kabisa. Kile kitairi ni kidogo kama kifuniko cha chupa ya maji, kikikuta kokoto tu kinakwama na dogo anaruka uso. Kinataka sakafu laini. Na Dar yetu hii sakafu laini iko wapi? Mall. Ndio maana watoto wanakwenda kuserereka mall, sio kwa sababu ni watukutu, ni kwa sababu ndio sehemu pekee yenye vigae isiyopita bodaboda. Viwanja vya wazi vingi vimejengwa, na vilivyobaki ni vumbi.

Hapo nakubali kwamba tatizo ni kubwa kuliko mzazi mmoja. Lakini ndugu zangu, kukosa kiwanja hakukupi haki ya kugeuza foleni ya supamaketi kuwa kiwanja. Kuna uwanja wa basketi wa shule, ukiomba vizuri Jumamosi asubuhi utapewa. Kuna baraza la msikiti au ukumbi wa kanisa siku isiyo na ibada, ongea na wahusika. Kuna hata hiyo mall yenyewe, nenda na mtoto saa tatu asubuhi siku ya kazi, korido tupu, muulize mlinzi. Kuna njia, ila zote zinataka mzazi AWEPO na mtoto. Hapo ndio shughuli ilipo. Wengi tunawavalisha viatu vya matairi ili watuache tupige picha za chakula.

NA WALINZI JE?

Hapa naomba niongee kama mtoto wa kitaa. Siku ile mlinzi alikuwepo, hatua kumi kutoka tulipokuwa. Alimwona dogo tangu anaingia. Nilimuuliza baadaye, "Bro, mbona hukumzuia?" Akaniangalia, akasema, "Kaka, mimi nimzuie mtoto wa yule? Kesho nifukuzwe kazi?"

Sikumlaumu. Lakini ninyi wenye mall, jiulizeni. Mimi nikiingia na kandambili na begi mgongoni nafuatwa rafu kwa rafu mpaka nitoke. Dogo wa Manzese akikimbia tu kwa miguu yake ya kawaida anashikwa sikio. Ila mtoto wa mtu mwenye jina anapita kama pikipiki na mlinzi anafungua njia. Kama sheria ipo iwe ya wote, kama haipo iandikwe ibandikwe mlangoni ili mlinzi awe na kitu cha kunyooshea kidole. "Sio mimi bosi, ni bango." Mpeni hiyo ngao.

NINACHOOMBA

Sisemi viatu vipigwe marufuku nchi nzima. Viatu havina kosa. Naomba mambo machache tu.

1. Mzazi, kabla hujaingia mlangoni, ingiza tairi ndani. Vile vya kitufe ni sekunde moja. Vile vya tairi la kudumu huwa vinakuja na kifaa cha kutolea na kizibo cha kuziba tundu. Ukinunua mtumba muulize muuzaji kifaa kiko wapi. Kama hakipo, basi mtoto abebe na ndala kwenye mfuko. Ndala zinauzwa kila kona.

2. Wauzaji wa Kariakoo, mnaelezea jinsi tairi linavyotoka na taa zinavyowaka. Elezeni na jinsi linavyorudi ndani. Mteja hajui, anadhani ndivyo vilivyo muda wote.

3. Akienda kucheza sehemu yake, mnunulie helmeti na vikinga vya kifundo cha mkono. Mnanunua viatu kwa bei ya mbuzi halafu mnabania kikinga.

4. Likitokea la kutokea, USIONDOKE. Hili ndilo kubwa kwangu. Kwa sheria zetu mtoto wa chini ya miaka 10 hashtakiwi kwa kosa la jinai. Ni sawa kabisa, hana akili ya kuwajibika. Basi ya kwake unayo wewe. Piga goti msalimie mzee aliyeanguka, muulize jina lake, panda naye gari mpaka hospitali, mwachie namba. Mtoto akuone ukifanya hivyo. Hata kama huna hela, mama mkubwa hakuwa anataka hela. Aliniambia mwenyewe: "Angekaa tu na mimi mpaka gari lije."

5. Na sisi wa mitandaoni. Klipu ya dogo anayeserereka watu wakiruka pembeni, tuangalie na hao wanaoruka. Nilirudi kuiangalia ile klipu niliyowawekea. Sekunde ya tisa kuna mama mjamzito anajibana kwenye kioo cha duka, kashika tumbo. Niliiposti nikaitazama labda mara ishirini na sikumwona. Nimeshaifuta.

KWA NINI SIMTAJI

Wengine mtaniambia mtaje, tumshukie. Hapana. Kwanza nikimtaja mtamrukia na mtoto, na yule mtoto ndiye mtu pekee kati yao aliyesalimia. Pili, mkimpata yeye mtaona kesi imeisha, kumbe Jumamosi ijayo kuna wengine kumi wako kwenye vigae, na mmoja wao anaweza kuwa mpwa wangu. Ila dada, kama unasoma, na najua huwa unasoma, mama mkubwa anaitikia simu. Namba yangu unayo, ulinipigia ile siku ya klipu kunishukuru.

Hogo limetoka mwishoni mwa Januari. Kifundo bado kigumu, anafanya mazoezi ya kukamua kitambaa kwenye beseni la maji ya moto kama alivyoelekezwa. Cherehani anaweza kukanyaga, ila mkasi bado unamshinda, kwa hiyo mimi ndiye mkataji siku hizi. Nimeshaharibu suruali mbili. Wateja wameanza kurudi mmoja mmoja, sio wote.

Wiki iliyopita mpwa wangu ametimiza miaka tisa. Unajua kaomba zawadi gani? Viatu vya matairi. Nyumba nzima ikanyamaza, kila mtu anamwangalia mama mkubwa. Mama mkubwa akacheka, akasema, "Mnunulieni. Ila siku ya kwanza atajifunzia hapa uani, na nitakayemshika mkono ni mimi, huu wa kushoto."

Nimemnunulia. Uani kwetu ni saruji tupu, mita sita hivi, akifika ukutani anageuka. Tairi linabaki nyumbani, hilo ndio sharti. Juzi katoka kwenda dukani kaniletea kisigino nikague mwenyewe.

Haya, zamu yenu wadau. Wewe umeshawahi kugongwa, au mtoto wako kashamgonga mtu? Ulifanyaje? Shusha komenti hapo chini, ila majina ya watu acha. Na kama una mtoto mwenye hivi viatu, kabla hujanitukana, nenda kaangalie kama kile kifaa cha kutolea tairi bado unacho.